Kubangua korosho mwaka mzima: shajara ya mradi, Mtwara

Mei 2024

Bodi imenitaka nilete mpango kabla Juni haijaisha. Ninao, na unasemeka kwa pumzi moja: kiwanda kisifunge geti tena kati ya Juni na Oktoba. Naandika shajara hii ili kila uamuzi ubaki na sababu zake pembeni, kwa maana baada ya miezi sita watu hukumbuka kilichoamuliwa na kusahau kilitokana na nini.

Asiyeijua Mtwara aanzie hapa. Minada ya korosho ghafi hufunguliwa Oktoba. Fedha huingia vijijini Tandahimba, Newala na Masasi mpaka Desemba, Januari. Kufika Juni zimekwisha: zimelipa ada, zimeezeka nyumba, zimeozesha watoto. Ndipo mikorosho inapojiandaa kuchanua na mkulima anatakiwa apulizie salfa kuzuia ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu mweupe), apalilie, alipe vibarua. Ni miezi ya ukata. Na ni miezi hiyohiyo ambayo viwanda vya kubangua, chetu kikiwamo, huishiwa ghafi na kuwarudisha kina mama nyumbani. Familia moja inakosa fedha za shamba na za kiwanda kwa wakati mmoja. Tunapowaita tena Oktoba, baadhi wameshaingia kwenye biashara ya samaki, wengine wako Dar es Salaam, na tunaanza kuwafundisha watu wapya kumenya bila kuvunja.

Kwenye vitabu vya mhasibu hasara hii haina mstari wake. Mkurugenzi Mtendaji asipoitaja yeye, hakuna atakayeitaja, kwa sababu kila idara inaona kipande tu: uzalishaji wanaona vipande vya korosho vimeongezeka Novemba, masoko wanaona mnunuzi analalamika Januari, utumishi wanaona mafunzo yamekula bajeti. Kuviunganisha vipande hivyo ni kazi yangu.

Jambo jingine la mwezi huu: Kimbunga Hidaya kilipita siku za mwanzo na mafuriko yakakata barabara ya kwenda Dar es Salaam upande wa Kilwa. Maboksi na mifuko ya kufungashia yalikwama huko. Tumeagiza kuanzia sasa akiba ya vifungashio ikae Mtwara, ya kutosha miezi miwili. Inafunga fedha, lakini meli haisubiri boksi.

Juni, kikao cha bodi

Mezani palikuwa na mipango miwili. Wa kwanza, ulioungwa mkono na wajumbe wengi mwanzoni, ni kununua mashine mpya za kubangua ili uwezo wetu wa tani 20 za ghafi kwa siku ufike 40. Hoja yao ina uzito. Vietnam haikuwa kitu kwenye korosho miongo michache iliyopita. Leo inabangua kuliko nchi yoyote, kwa mashine, na sehemu kubwa ya ghafi yake inatoka Afrika. Mpango wa pili ni wangu: tusinunue mashine hata moja mwaka huu, tushushe kasi hadi tani 10 kwa siku, na fedha zote tuziweke kwenye ghafi ya kutufikisha msimu ujao.

Niliwaomba tuzungumzie historia ya hapahapa kusini kabla ya kuzungumzia Vietnam. Kuanzia miaka ya 1970 nchi yetu ilijenga viwanda 12 vikubwa vya korosho kwa mikopo, ikiwemo ya Benki ya Dunia, na mitambo kutoka Italia na Japani. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikuwa imevuna zaidi ya tani 140,000. Wakati viwanda vinakamilika, mavuno yalikuwa yakiporomoka: watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa wakaiacha mikorosho yao mbali, bei ya mkulima ilikuwa duni, na ubwiriunga ukaingia. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalishuka chini ya tani 20,000. Mitambo ilikuwepo, cha kubangua hakikuwepo. Baadhi ya majengo yale baadaye yaligeuka maghala ya kuhifadhi ghafi inayosubiri kusafirishwa nje, na mtu yeyote wa Mtwara au Lindi anaweza kukuonyesha.

Nilisema, na nasimamia nilichosema, kwamba kiwanda cha korosho hufia ghalani. Mashine yenye kasi bila ghafi inatusaidia tu kufika Juni mapema zaidi, tukiwa na deni kubwa zaidi.

Mjumbe mmoja aliuliza swali zuri kuliko yote: kama kasi inashuka nusu, gharama ya kudumu kwa kila kilo haipandi? Inapanda. Boila ni ileile, mlinzi ni yuleyule, cheti cha usalama wa chakula kinalipiwa vilevile. Lakini kwa sasa tunalipa gharama hizo miezi 12 na kuzigawa kwa kazi ya miezi saba. Mhasibu mkuu aliweka hesabu zote mbili ubaoni, na tofauti ikawa ndogo kuliko walivyohofia, hasa ikiingizwa bei ya punje nzima.

Hapa naeleza kwa asiye wa sekta. Korosho hupikwa kwa mvuke, hupozwa, hubanguliwa, hukaushwa kwenye oveni, humenywa ganda laini, kisha huchambuliwa kwa madaraja. Daraja linaloitwa W320 maana yake ni punje nzima nyeupe, zisizozidi 320 kwenye ratili moja. Punje hiyohiyo ikipasuka katikati huanguka daraja na bei yake inashuka sana, ingawa utamu ni uleule. Mkono uliozoea ndio unaoilinda. Kwa hiyo kumpoteza mmenyaji mzoefu ni kupoteza bei.

Bodi imekubali kwa kura, si kwa kauli moja. Nimefurahi kwamba waliopinga wamepinga kwa sauti. Mpango uliopita kimyakimya huja kupingwa Desemba, kwenye korido.

Julai

Nilidhani sehemu ngumu ingekuwa bodi. Imekuwa malipo.

Wabanguaji na wamenyaji wetu wamekuwa wakilipwa kwa kilo. Ukifanya nyingi unalipwa nyingi. Utaratibu huo unakwenda vizuri na kiwanda kinachokimbizana na msimu. Kwa kiwanda kinachotaka punje nzima mwaka mzima, unamfundisha mtu kuharakisha. Pendekezo letu: mshahara wa msingi usioshuka, juu yake nyongeza inayohesabiwa kwa punje nzima.

Msimamizi wa chumba cha kumenya ni mama aliyekuwepo tangu geti lilipofunguliwa. Kiwanda kizima tunamwita Bibi. Nilikwenda kwake kabla ya mkutano wa wafanyakazi, kwa sababu neno likisemwa na mimi kwanza mkutanoni linakuwa amri, na nilihitaji kwanza lichambuliwe.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Nimesikia mnataka kutulipa sawa.”

Nikamweleza kwamba si sawa, ni msingi na nyongeza. Akasikiliza hadi mwisho, akasema wale wasichana wenye kasi wataona wamenyang’anywa, na wale wa polepole watadhani wamepewa zawadi. “Halafu hukuniuliza tunachokihesabu sisi,” akaongeza. “Wewe unahesabu kilo. Sisi tunahesabu miezi ya kula.”

Sentensi hiyo imeubadilisha mpango. Tulikuwa tumeandaa maelezo marefu ya asilimia na madaraja. Tumeyaweka kando. Mkutanoni tulianza na kalenda kubwa ya ukutani: miezi 12, na kiasi cha chini ambacho mtu ataondoka nacho kila mwezi, Agosti ikiwemo. Baada ya hapo ndipo tukaingia kwenye nyongeza. Wenye kasi walibisha kweli, na walikuwa na haki. Tumefikia hivi: nyongeza haina kikomo cha juu, kwa hiyo mwenye kasi na umakini atapata zaidi ya zamani, mwenye kasi bila umakini atashuka. Wachache wamesema wataondoka. Nimewaomba wajaribu robo mwaka, sikuwaahidi zaidi ya hapo.

Kuna kitu kinachoitwa kupata ridhaa ya watu, na kuna kuwapa watu nafasi ya kuutengeneza mpango. Vinafanana ukiwa umeketi ofisini. Chumba cha kumenya wanavitofautisha ndani ya dakika tano.

Agosti

Mwezi wa benki na wanunuzi. Sina raha nao, lakini ndio uti wa mgongo wa mradi.

Tatizo la mbanguaji ni kwamba korosho inauzwa miezi mitatu na yeye anaihitaji miezi 12. Anayenunua kusafirisha ghafi India au Vietnam hukaa na mzigo wiki chache, anauza, anarudisha mkopo, ananunua tena. Sisi tunakaa na mzigo hadi mwaka ugeuke, na riba inatembea kila siku. Ushuru wa kusafirisha ghafi, asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, chochote kilicho kikubwa, umewekwa kutupa nafuu viwanda vya ndani. Unasaidia. Hauondoi tofauti kati ya deni la wiki chache na deni la mwaka.

Tumekubaliana na benki kwamba ghafi yenyewe iwe dhamana: inakaa kwenye ghala lenye msimamizi huru, tunatolewa mzigo kwa awamu, tunalipa kwa awamu. Stakabadhi ghalani, yaani zao kuwekwa ghalani kwa risiti hadi liuzwe, imekuwepo Mtwara tangu msimu wa 2007/08 kwa upande wa mkulima na chama chake cha msingi. Tunachofanya ni kuuendeleza mkondo uleule hadi mlangoni mwa kiwanda.

Mnunuzi wetu wa Uholanzi amekubali mkataba wa robo kwa robo badala ya mzigo mmoja mmoja. Alichotaka yeye ni uhakika, kwa kuwa tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaanze mwishoni mwa 2023 meli nyingi za kwenda Ulaya zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema na safari zimerefuka. Muuzaji anayetoa kontena kila mwezi, hata dogo, ana thamani kwake kuliko anayetoa makontena mengi Februari na kunyamaza. Hili ni tunda la kwanza la mradi, na limekuja kabla hatujabangua kilo moja.

Bajeti ya ununuzi: shilingi bilioni 6. Tani 2,400 kwa shilingi 2,500 kwa kilo. Msimu uliopita bei ilizunguka 2,000, kwa hiyo tuliona tumejiwekea nafasi.

Oktoba

Nafasi haikutosha.

Minada imefunguliwa na bei imevuka shilingi 4,000 kwa kilo. Vijijini ni shangwe, na inastahili. Mkulima aliyepuliza salfa kwa mkopo amelipwa. Mimi ni mtoto wa mkulima wa korosho na siwezi kuiita habari hiyo mbaya. Lakini kwa kiwanda, bilioni 6 zilizokuwa tani 2,400 sasa ni tani 1,500.

Sababu ziko mbali na hapa. Mavuno ya Afrika Magharibi hayakuwa mazuri mwaka huu, na mapema 2024 Côte d’Ivoire ilisimamisha kwa muda usafirishaji wa ghafi ili viwanda vyake vya ndani vipate mzigo. Viwanda vya Vietnam vikabaki na njaa, na njaa hiyo imekuja kutafuta chakula kwenye minada yetu.

Hesabu tuliyoiweka ubaoni ni hii. Kilo moja ya korosho karanga, yaani punje zilizokwisha kubanguliwa, inahitaji kilo 4.35 hivi za ghafi. Kwa bei ya 4,000, ghafi peke yake ni shilingi 17,400. Kwa dola inayouzwa shilingi 2,700, ni kama dola 2.92 kwa ratili, kabla ya mshahara, umeme, kifungashio na riba. Soko la W320 liko juu ya hapo, lakini si kila punje inatoka nzima, na vipande vinaivuta wastani chini. Faida imebaki nyembamba kama ganda laini lenyewe.

Afisa manunuzi alitaka tukope zaidi tufikie tani 2,400 kama tulivyotangaza. Meneja uzalishaji alitaka tununue tani 1,500, tubangue kwa kasi kamili na kufunga ghafi ikiisha, “kama zamani.” Siku mbili nilisikiliza pande zote. Uamuzi: tunanunua tani 1,500, hatuongezi deni, na kasi inashuka kutoka 10 hadi tani 7 kwa siku. Kwa siku 25 za kazi kwa mwezi, ghafi hiyo inatufikisha mwisho wa Julai tukianza katikati ya Novemba. Agosti hadi Oktoba tutaijaza kwa njia nyingine.

Watu wengi wanaelewa mkakati kuwa ni namba iliyotangazwa, na kiongozi imara ni yule asiyeibadilisha. Tani 2,400 ilikuwa namba. Mkakati ni geti kubaki wazi. Nilipowatenganishia mambo hayo mawili, meneja uzalishaji mwenyewe ndiye aliyekuja na hesabu ya tani 7.

Wajumbe wawili wa bodi waliniuliza kama bei hii isingetuangamiza iwapo tungekuwa tumenunua mashine za tani 40. Niliwajibu kwamba wakopeshaji wa mashine wangetaka chao mwezi huuhuu, mzigo uwepo usiwepo.

Novemba

Tumeanza kubangua. Mkutano wa wafanyakazi ulikuwa mfupi. Niliwaambia bei ya mnadani, ambayo wanaijua kuliko mimi kwani nusu yao wana mikorosho nyumbani, nikawaambia kiasi tulichonunua na mwezi ambao kitaisha. Niliandika tani zilizobaki kwenye ubao wa getini, na kuanzia siku hiyo meneja wa ghala anazibadilisha kila Jumatatu. Mhasibu aliogopa kwamba washindani watasoma. Wasome. Mtu anayeomba watu wapunguze kasi na wavumilie hana haki ya kuwaficha kilichobaki ghalani.

Zamu ya pili imeondolewa. Hakuna aliyeachishwa kazi, ila vibarua wa msimu hatukuwaita, na hilo limewaumiza watu ambao hawakuwa kwenye mkutano wowote. Nimeliandika hapa kwa sababu kwenye ripoti ya robo litasomeka kama “nidhamu ya gharama.”

Desemba

Shilingi imeimarika ghafla. Dola iliyokuwa 2,700 Oktoba imeshuka hadi karibu 2,400. Kwa anayeagiza mafuta au vipuri ni neema. Sisi tumenunua ghafi kwa shilingi na tunauza kwa dola: ile dola 2.92 kwa ratili imekuwa kama 3.29 bila sisi kugusa korosho hata moja.

Kilichotuokoa ni mkataba wa robo. Tulikuwa tumefunga bei ya robo ya kwanza tu, kwa hiyo mazungumzo ya robo ya pili yamefanyika tukiwa na picha halisi, na mnunuzi, ambaye anaona bei ya dunia inapanda, hakubisha sana. Pia tumehamishia gharama zote za dola zinazowezekana, kama vipuri na mifuko ya kufungashia, zilipwe na dola tunazopokea, bila kuzibadilisha mara mbili.

Meneja masoko ameuliza kwa nini hatukubashiri. Mwaka 2018 wakulima walikataa bei ya chini ya wanunuzi, na ndani ya wiki chache Serikali ikaamua kuinunua korosho yote kwa shilingi 3,300 na jeshi likaibeba. Waliokuwa na mikataba ya kununua mnadani walijikuta hawana mnada. Tangu hapo siamini mpango unaotegemea kubashiri bei, sera au fedha za kigeni. Naamini mpango unaogawanya maamuzi makubwa kuwa madogo, ili likija jambo usiwe umeshaamua kila kitu.

Februari 2025

Robo ya malipo mapya imeisha. Uwiano wa punje nzima umepanda kila mwezi tangu Novemba, na kupanda huko kunatokana zaidi na chumba cha kumenya, si mashine. Kati ya waliosema wataondoka, wengi wapo. Wawili wenye kasi kuliko wote wamekwenda kiwanda kingine kinacholipa kwa kilo, na siwalaumu.

Korosho ya msimu huu nchini imevuka tani 500,000, rekodi, na sehemu kubwa imetoka ghafi kupitia Bandari ya Mtwara. Kila ninapopita bandarini naona kazi za mikono ya watu wetu zikipakiwa zikiwa bado ndani ya maganda. Hiyo ndiyo sababu siwezi kuuchukulia mradi huu kama hesabu za kiwanda kimoja.

Kwa Agosti hadi Oktoba kuna njia mbili tunazozifanyia kazi. Moja ni kumbangulia msafirishaji mwingine mzigo wake kwa ujira: ghafi ni yake, mikono ni yetu, na riba hatuibebi. Rasimu ya mkataba ipo kwa mwanasheria. Nyingine ni vipande. Badala ya kuviuza nje kwa bei ya chini, tunavikaanga na kuvifungasha kwa soko la Dar es Salaam, Dodoma na Arusha. Majaribio ya kwanza ya kukaanga yamefanyika kwa kutumia mvuke wa boila yetu, inayowashwa kwa maganda ya korosho, hivyo kuni hatununui. Alama ya ubora tumeshaiombea.

Kazi za Machi: kumalizana na mwanasheria, kumpa Bibi msaidizi ili awe na muda wa kufundisha, na kurudi benki kuomba kwamba mkopo wa msimu ujao ukokotolewe kwa tani, si kwa shilingi. Ubao wa getini leo unasomeka tani 1,010.